Ruta ya Ngara Haitatawaliwa na Biharamulo

Jumatatu, 5 Machi 2007. Ngara.

Kikao cha asubuhi. Habari mbaya, chai baridi. Mama Deodata, mkuu wa ofisi yetu, katangaza kwamba wakimbizi wa Burundi wanaendelea kurudi kwao, kambi itafungwa, na shirika halihitaji tena mafundi wawili wa mtandao. Atabaki mmoja. Ama mimi, Frednand, wa hapa Ngara, ama Wiston wa Biharamulo. Tarehe 19 atakuja Mhandisi Joyness kutoka Dar es Salaam, ataukagua mtandao wote, kisha ataamua.

Wiston! Mtoto wa Nyabusozi, tuliketi dawati moja chuo cha ufundi Mwanza. Mtihani wa mwisho nilinakili majibu yake yote. Yeye akapata themanini na moja, mimi sitini na nne. Mwalimu alidai kwamba hata palipoandikwa "tazama mchoro wangu hapo juu" niliandika hivyo hivyo, na juu hapakuwa na mchoro. Tangu siku ile sijapata haki katika nchi hii.

Nimefikiri mchana kutwa. Mkaguzi akifika atatazama nini? Atatazama nani anaongoza. Tuna ruta tatu: ya kwangu, ya Wiston na ya kambini. Zinazungumza kwa redio kupitia minara ya milimani, zinaambizana njia za kupitishia barua. Ili zisipige kelele zote kwa pamoja, zinachagua moja iwe kiongozi. Nyingine zinapeleka habari kwake, naye anazisambaza. Mwenye ruta kiongozi ndiye fundi kiongozi. Jambo liko wazi kama Mlima wa Shunga.

Kiongozi atakuwa Ngara. Nimeapa.

Jumanne, 6 Machi.

Nimesoma kurasa tatu za kitabu. Nyingi mno kwa siku moja, lakini nimepata dawa.

Kila ruta ina namba yake ya utambulisho. Usipoipa namba wewe, inajichagulia: inakusanya anwani zote ilizonazo, inachukua iliyo kubwa kuliko zote na kujiita hiyo. Kama binadamu. Tena ukiiwekea anwani ya ndani, ile isiyotegemea waya wowote, inaipenda hiyo kuliko za nje. Na zikigombea uongozi, yenye namba kubwa inashinda.

Namba ya Wiston: 10.40.0.1. Ya kwangu: 10.20.0.1. Nusu yake! Ndiyo sababu ya maisha yangu kuwa hivi.

Saa tano nimeipa ruta yangu anwani ya ndani. 10.200.0.1. Mara tano ya Wiston. Nimekaa mbele ya skrini nikisubiri utukufu.

Saa sita: 10.20.0.1. Saa nane: 10.20.0.1. Saa kumi: 10.20.0.1.

Nimefungua ukurasa wa nne kwa hasira. Kumbe ruta ikishajichagulia namba haiiachi. Hata anwani iliyoizaa namba hiyo ikifa, namba inabaki. Mpaka ruta izimwe na kuwashwa upya. Nani aliandika sheria hii? Mkaidi mwenzake Wiston.

Jumatano, 7 Machi.

Saa nne kamili nimechomoa waya wa umeme, nikahesabu hadi thelathini, nikaurudisha.

Namba mpya: 10.200.0.1! Nimepiga makofi peke yangu chumbani.

Nimetazama nani kiongozi. Biharamulo.

Nimefuta vumbi kwenye skrini. Biharamulo.

Kisha nikasoma kumbukumbu za nyuma, jambo ambalo fundi mwingine angelifanya kwanza. Kiongozi tangu tarehe 14 Januari: Ngara. Ngara! Umeme ulikatika Biharamulo mwezi wa kwanza, ruta yangu ikashika uongozi, ikakaa nao miezi miwili kimya kimya na kanamba kake kadogo, bila kuniambia. Na kiongozi akishakaa hatolewi na mwenye namba kubwa. Anatoka akianguka tu. Leo nimemwangusha mimi mwenyewe. Wiston alikuwa makamu, amepanda.

Nilikuwa mfalme na sikujua. Nimejipindua.

Mama Deodata kaingia bila kubisha. Kumbe saa nne alikuwa anatuma ripoti ya robo mwaka, na barua pepe zetu zote hupita Biharamulo, kwenye dishi la setilaiti. Ripoti imekatika katikati. Kaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema matengenezo. Akasema matengenezo ni kitu kilichoharibika kinapona, si kitu kizima kinaugua. Mwanamke huyu angefaa kuwa hakimu.

Alhamisi, 8 Machi.

Nimekwenda kambini kukagua redio. Sababu ya kweli ni Véronique.

Véronique ni karani wa orodha. Mrundi, miaka ishirini na saba, anachapa bila kutazama vidole. Alivuka mpaka akiwa mtoto, na shangazi yake. Baba yake, mzee Bukuru, alipotelea njiani, akafika miaka miwili baadaye akiwa na jembe na kiatu kimoja. Ndiyo maana wana kadi mbili tofauti, na kwenye orodha ya msafara namba mbili tofauti: baba 17, binti 212. Wamejaribu mara nne kuunganishwa kwenye kadi moja. Kila mara wanaambiwa namba iliyotolewa imetolewa.

Nilimwamkia mzee shikamoo. Akaitika marahaba, akanionyesha mbegu za maharage kwenye kitambaa. Wamo kwenye msafara wa tarehe 15. Mvua zimeshaanza upande wa Kirundo, kwao Burundi. Akifika ndani ya wiki moja, maharage yatawahi. "Jembe rangu nimerinoa," akasema. Hana herufi ya L mzee yule, lakini jembe analo.

Sikufurahi. Msafara wa tarehe 15 ni Alhamisi ijayo! Nilikuwa na mpango wa kuzungumza na Véronique kuhusu mustakabali wetu, na mustakabali huo nilikuwa nimeupangia mwezi wa tano, baada ya kupandishwa cheo. Nikamwambia tu kwamba mimi hivi karibuni nitakuwa kiongozi wa mtandao wa wilaya mbili. Akasema hongera, akauliza kama kiongozi anaweza kumletea wino wa printa.

Jioni nimempigia Wiston. Nikamshauri kindugu azime ruta yake dakika moja, ipumue. Akacheka. "Ndugu yangu, ruta inayofanya kazi huwa hatuisumbui. Mbona ya kwako jana ilianguka? Unahitaji msaada?"

Msaada!

Ijumaa, 9 Machi.

Nimemwandikia Wiston waraka rasmi wenye muhuri: "Kuhusu Umuhimu wa Kupumzisha Mitambo." Aya nne. Nimeupeleka kwa gari la saa mbili la ofisi.

Majibu yamerudi na gari la jioni. Amenishukuru. Ameambatisha nakala ya kurasa kumi na mbili za kitabu juu ya namba za ruta, na kwa kalamu nyekundu amenipigia mstari mahali muhimu, "ili usihangaike." Pia amenitumia chupa ya asali ya Nyabusozi.

Asali ni nzuri. Chuki yangu iko palepale.

Jumatatu, 12 Machi.

Nimezisoma zote kumi na mbili. Ukurasa wa tisa, chini ya wino wake mwekundu: hakikisha hakuna ruta mbili zenye namba moja ya utambulisho.

Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Kama jambo hili lingekuwa halina faida, wasingelikataza kwa herufi nene. Kitu kinachokatazwa kina nguvu. Hata pombe ya mbege ilikatazwa chuoni.

Hesabu yangu ni hii. Siwezi kumwondoa kiongozi. Lakini kiongozi ni nini? Ni namba. 10.40.0.1. Ruta yangu ikiitwa 10.40.0.1, basi kiongozi ni ruta yangu. Mhandisi Joyness atafungua skrini ya Ngara, ataona namba ya kiongozi na namba ya Ngara ni moja. Nani atabisha?

Wiston mwenyewe amenipa kurasa hizi. Amejichimbia kaburi kwa kalamu yake.

Jumanne, 13 Machi.

Nimefanya. Mchana, wakati watu wanakula. Nimeiandikia ruta namba ya Wiston kwa mkono, maana namba ya kuandikwa kwa mkono inashinda zote. Nikachomoa waya. Nikahesabu. Nikarudisha.

Kiongozi: 10.40.0.1. Namba ya ruta hii: 10.40.0.1.

Nilisimama. Peke yangu, lakini nilisimama.

Nilipogeuka, Mama Deodata alikuwa mlangoni na sahani yake ya ndizi. Aliona waya mkononi mwangu. Alikwenda stoo, akarudi na kufuli, akalifunga kabati la ruta, ufunguo akautia kwenye pochi. Kasema kuanzia leo atakayegusa umeme wa kabati hili ataomba kwake kwa maandishi, na aeleze sababu.

Saa tisa intaneti haipo. Saa tisa na nusu simu ya kambini: mtandao unakuja, unaondoka, unakuja, unaondoka. Nimesema ni mvua.

Hakukuwa na mvua. Nimesema inakuja.

Jumatano, 14 Machi.

Nimeelewa sasa kilichotokea, na ningependa kutokuelewa.

Ruta ya Wiston inapopata salamu kutoka kwangu inaona namba yake yenyewe. Inadhani ni mwangwi wa sauti yake. Haijibu. Ya kwangu nayo haijibu. Majirani wawili wenye jina moja, kila mmoja anaamini mwenzake hayupo. Na ile ya kambini, maskini, inapata habari mbili zinazopingana kutoka kwa mtu mmoja. Huyu anasema njia iko hapa, huyohuyo anasema haiko. Inaamini, inafuta, inaamini, inafuta.

Nimerudisha namba ya zamani kwa kibodi. Haikubadilika. Bila shaka haikubadilika! Mpaka izimwe. Na kabati lina kufuli, na ufunguo uko kwenye pochi, na pochi iko kambini na Mama Deodata anayesimamia msafara.

Kuna amri ya kuianzisha upya bila kugusa waya. Najua kwamba ipo. Wiston anaijua ilivyo.

Saa sita makarani wa ofisi yetu wametuma orodha ya msafara wa kesho kwenda kambini. Kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulipita mtandao ulipokuja. Ukurasa wa pili, majina sitini na mawili, haukupita. Walituma tena. Haukupita. Orodha inapigwa muhuri kambini saa kumi jioni, na nakala hiyohiyo ndiyo inayosubiriwa Kobero, ng'ambo ya mpaka. Asiyekuwemo hapandi lori.

Nilijua 212 iko ukurasa upi.

Saa nane nilichukua simu kumpigia Wiston. Nilifika hadi kwenye jina lake. Nikafikiri: nitamwambia nini? Nimejiita wewe? Nikaiweka simu chini. Nikaichukua. Nikaiweka.

Ningeweza pia kuchapa ule ukurasa na kuupeleka kwa pikipiki. Ni mwendo wa saa moja tu. Lakini wangeuliza kwa nini fundi wa mtandao analeta karatasi kwa pikipiki.

Saa kumi ilifika. Saa kumi na dakika moja nikawa na nafuu ya aibu, kama mtu aliyechelewa basi na sasa hana haja ya kukimbia.

Alhamisi, 15 Machi.

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda.

Malori kumi yamepangwa. Watu na magodoro na kuku na milango ya mbao waliyoing'oa. Sheria ya kambi ni kwamba anayeondoka anabomoa nyumba yake kwanza, asiachie mwingine. Nyumba ya mzee Bukuru ilikuwa imebomolewa tangu alfajiri. Palibaki mstatili wa udongo mwekundu, na mafiga.

Waliita 17. Mzee akapanda na jembe lake, akapewa nafasi pembeni, akakaa. Akamnyooshea binti mkono. Waliita mpaka 150, kisha msomaji akakunja karatasi.

Véronique alikwenda kwenye meza. Alizungumza taratibu, maana meza ile ni yake, kiti kile ni chake, na karatasi ile aliichapa yeye mwenyewe jana. Akaeleza kwamba alishaona ukurasa ni mmoja badala ya kurasa mbili, kwamba alipiga simu Ngara mara sita. Wakamwambia wanajua, wamesikitika, msafara mwingine ni tarehe 29, baba atangulie, yeye atafuata.

Mzee Bukuru alisikiliza haya yote akiwa juu ya lori. Kisha akalishusha jembe. Kisha akashuka mwenyewe, kwa shida, mguu mmoja ukitafuta hewa, na hakuna aliyemshika kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba anashuka. Wakamwambia mzee, utapoteza nafasi. Akasema kwa Kirundi, na karani mmoja akatafsiri: nilishampoteza huyu mara moja njiani nikahesabu miaka miwili, sihesabu tena.

Malori yakaondoka. Watu sitini na wawili wakabaki wamekaa juu ya mizigo yao, bila nyumba. Na mzee mmoja zaidi, kwa hiari.

Véronique aliniona. Akaniuliza simu zake sita zilipokelewa na nani. Nikasema kulikuwa na radi kwenye mnara. Akanitazama.

"Radi," akasema. "Frednand, mimi nimeishi chini ya mbingu hii miaka kumi na mitatu. Jana hapakuwa na wingu."

Akaenda kumtafutia baba yake pa kulala. Wamepewa kona ya stoo ya ofisi, kati ya maboksi ya karatasi.

Nimerudi Ngara nimekaa nyuma ya gari. Nilijisikia vibaya hadi Rulenge. Kisha wazo likanijia, nami naliandika hapa kwa sababu shajara haipaswi kudanganywa: Véronique yupo wiki mbili zaidi.

Ijumaa, 16 Machi.

Wiston kaja mwenyewe kutoka Biharamulo, kapakizwa na gari la hospitali. Vumbi mpaka kwenye kope. Aliketi kwenye kiti changu, akafungua skrini yangu, na sikumaliza hata kummiminia chai.

"Ruta yako inaitwa kama ya kwangu," akasema.

Nikasema ajabu.

Akasema kumbukumbu zinaonyesha iliandikwa kwa mkono.

Nikasema ajabu zaidi.

Akaandika amri moja. Ya maneno manne. Bila kugusa kabati, bila ufunguo. Ruta ikajizindua, ikachukua namba yake, 10.200.0.1, ikamsalimia jirani, jirani akaitika. Barua pepe za siku tatu zikaanza kumiminika. Na ukurasa wa pili nao ukapita, ukafika kambini, ukachapwa. Siku mbili baada ya kazi yake.

Wiston hakunyanyuka. Aliniuliza kama nilijua hili siku ya Jumatano. Niliangalia dirishani. Kuna mgomba pale nje, nimeujua jani kwa jani leo.

Akasema mke wake, Kezia, alizaliwa kambini, kambi nyingine, ya miaka ya sabini, na mpaka leo akisikia lori anasimama. Sijui aliniambia hilo kwa nini. Kisha akasema kwamba katika ripoti ataandika kuwa hatukuwa na orodha ya pamoja ya namba, kila fundi alijiandikia apendavyo, na hilo ni kosa la mafundi wote wawili.

Wote wawili!

Unaona hila yake? Anajitia kwenye kosa langu ili aonekane mwungwana.

Jumapili, 18 Machi. Kibimba, nyumbani.

Jumapili ya Kwaresima. Mama yangu, Esperansia, kanisindikiza kwenda kuungama kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Aliniambia, "Mwana wanje, mwanangu, uso wako umekuwa kama wa mtu aliyeiba mbuzi." Nikamwambia ni kazi nyingi.

Niliungama hasira, na uvivu wa sala. Padri akauliza kama kuna lingine. Nikafikiria. Lililobaki ni la kitaalamu, padri asingelielewa.

Malipizi: sala tano na kumwomba radhi niliyemkosea. Nilichagua kuwa ni Mama Deodata, kwa ajili ya ile ripoti ya robo mwaka.

Maharage ya mama yameshachipua. Vitumba viwili viwili, shamba lote. Nililipita shamba haraka.

Jumatatu, 19 Machi.

Mhandisi Joyness kafika. Mfupi, viatu vya mpira, hacheki. Nilikuwa nimevaa tai.

Nikampeleka moja kwa moja kwenye skrini, nikamweleza habari ya ruta kiongozi, kwamba ingawa kwa sasa ni Biharamulo, Ngara ina historia ndefu ya uongozi, na namba yake ni kubwa mara tano. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwenye mtandao wa ruta tatu haijalishi nani ni kiongozi. Hata kidogo. Hajawahi kutazama.

Hajawahi kutazama!

Alichouliza ni kimoja: namba za ruta zimeandikwa wapi? Nilisema ziko kichwani mwangu. Wiston akatoa karatasi mfukoni. Ruta tatu, namba tatu, kila moja ya kudumu, imeandikwa kwa mkono, haitegemei anwani yoyote ya nje wala umeme kukatika, na tarehe, na jina la aliyeiandika. Mhandisi akasema hivi ndivyo. Ruta iachwe ijichagulie na siku moja itaamka na jina jingine. Ipewe jina lake moja, liandikwe, lisiguswe.

Kisha akasoma ripoti ya Wiston. Akauliza watu wangapi walikosa lori. Mama Deodata akasema sitini na wawili. Akauliza wanalala wapi. Akaambiwa. Akafunga kitabu, akaomba gari limpeleke huko kwanza, mtandao utasubiri.

Nilibaki na tai yangu.

Alhamisi, 29 Machi.

Msafara. Mara hii kurasa zilikuwa tatu na zilifika zote tatu siku mbili kabla.

Nilimbebea Véronique wino wa printa. Nilikuta kiti chake kina mtu mwingine. Yeye alikuwa kwenye foleni, kitambaa kichwani, amejifunga mzigo. Mzee Bukuru kapungua. Kona ya stoo ina baridi, anakohoa. Nikamwamkia. Akaitika. Nikamuuliza maharage. Akafungua kile kitambaa: tupu. Wamezipika mbegu wiki iliyopita. "Mvua imeshatanguria," akasema. Hakulaumu. Ningependelea alaumu.

Nikamwambia Véronique kwamba nina namba yake ya simu ya zamani, na kama akipata mpya ng'ambo aniandikie. Akasema atakuwa na namba mpya, ndiyo. Akasema amechoka na ile ya zamani.

Nikamwambia ukweli. Hapana, nilianza kumwambia. Nilisema, ile Jumatano, unajua, mimi. Akasema najua. Nikauliza nani amemwambia, Wiston? Akasema Wiston hakusema lolote, bali yeye amekuwa karani miaka sita. Karatasi ikikosekana, huwa kuna mtu nyuma yake, na mtu huyo ndiye anayeleta zawadi.

Akamwita baba yake. Wakapanda pamoja. Hakugeuka, lori liligeuka, kona ya kwenda Kobero, nikaona upande wake wa uso kidogo.

Wino nimerudi nao.

Jumatatu, 2 Aprili.

Barua imetoka. Fundi mkuu: Wiston, atakaa Biharamulo, katika chumba cha boma la zamani chenye dirisha. Mimi sikufukuzwa. Wiston ameomba nibaki kuwa msaidizi wake mpaka kambi ifungwe. Mama Deodata kanisomea barua mwenyewe, akasema nimshukuru Mungu na nimshukuru Wiston, kwa utaratibu wowote nipendao.

Nimekaa na jambo hili asubuhi nzima. Nimekiri moyoni kwamba nilikosea. Nimekosea kweli. Watu sitini na watatu walilala kwenye maturubai na stoo kwa sababu yangu, shamba moja la Kirundo halina maharage, na mwanamke ambaye ningemwoa amekwenda na namba nisiyoijua. Hayo ni makosa, nami ni mtu mzima, nayapokea.

Kosa lilikuwa nini hasa? Nimelichambua kitaalamu. Kosa lilikuwa kutumia namba.

Kwa maana leo mchana, nikitafuta pa kuweka chai, nimefungua kitabu ukurasa wa kumi na tano, ambao Wiston hakuninakilia. Unajua kwa nini hakuninakilia? Kuna kitu kinaitwa kipaumbele. Unakiandika kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, na katika uchaguzi kinatazamwa kabla ya namba. Kabla! Ruta yenye namba ndogo kama kidole ikiwa na kipaumbele kikubwa inawapita wote. Na ukiiwekea nyingine sifuri, haigombei kamwe, hata ibaki peke yake duniani.

Kama msaidizi, sasa nina nywila za ruta zote tatu. Wiston amenipa mwenyewe, kwenye bahasha, na chupa nyingine ya asali.

Ngara: mia mbili hamsini na tano. Biharamulo: sifuri. Nimeshaandika yote mawili. Inabaki tu kuzizima zote na kuziwasha kwa pamoja, kwa ile amri ya Wiston ya maneno manne, dakika moja, mbili kwa wingi, saa za kazi, ili wote waone.